Anayeumia kazini anadai, haombi

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliuliza katika ukurasa huu wa barua kwa nini mwajiri aendelee kumlipa mtu aliyelala kitandani, hasa kama mtu huyo aliumia kwa kutokuwa makini. Aliuliza kwa adabu, na najua wapo wengi wanaowaza kama yeye. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisimamia zamu kiwandani kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo daftari la ajali nililijaza mimi. Ndiyo maana naomba nafasi nimjibu.

Kulikuwa na kijana aliyeendesha mashine ya kukata bati. Mashine ile ilikuja na kinga ya wavu mbele ya kisu, lakini kinga ilikuwa imefunguliwa na kuwekwa pembeni siku nyingi kwa sababu ilichelewesha kazi. Ukiwa na kinga, kila bati inabidi uinue wavu, uingize, ushushe, ndipo ukanyage pedali. Bila kinga unasukuma tu. Siku hiyo mzigo ulikuwa mkubwa na tulitakiwa tuumalize kabla zamu haijabadilishana. Bati likakwama, akapeleka mkono kulinyoosha huku mguu ukiwa bado juu ya pedali. Kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia vikakatika. Hakupiga kelele. Alisimama akiutazama mkono wake kama mtu anayehesabu kitu, mpaka mwenzake alipovua fulana na kumfunga.

Gari lilipoondoka naye kwenda hospitali, mimi nilirudi ofisini kujaza fomu. Mbele ya maneno "chanzo cha ajali" nikaandika: uzembe wa mfanyakazi. Sikuwa na chuki naye hata kidogo. Ndivyo tulivyozoea kuandika, na ndivyo alivyoandika aliyenitangulia. Fomu ikapelekwa, ikafungiwa kwenye faili.

Wiki ya tatu kijana akaitwa. Mezani kulikuwa na bahasha, na chini ya bahasha karatasi iliyosema kwamba amepokea msaada na hana dai lolote zaidi. Alisaini kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi zikipanda na kushuka nje ya mstari. Akashukuru. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na shukrani ile ndiyo inayonirudia hadi leo, kwa sababu alimshukuru mdeni wake.

Nasema mdeni kwa kuwa hivyo ndivyo fidia ya ajali kazini ilivyoanza. Zamani mfanyakazi aliyeumia alikuwa na njia moja tu, kumshtaki mwajiri na kuthibitisha kosa lake. Uingereza, tangu kesi maarufu ya mwaka 1837, mahakama zilishikilia kwamba mwajiri hawajibiki kama aliyesababisha ajali ni mfanyakazi mwenzako. Zikaongezwa hoja nyingine mbili za kumkinga mwajiri: kwamba nawe ulichangia kosa, na kwamba ulipokubali kazi ulizikubali na hatari zake. Kwa hoja hizo tatu ilikuwa vigumu mno kwa mtu aliyepoteza mkono kushinda kesi, hata angekuwa na fedha za wakili.

Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884. Waajiri ndio waliochangia mfuko, peke yao, na aliyeshindwa kabisa kufanya kazi alilipwa theluthi mbili ya kipato chake. Uingereza ikafuata mwaka 1897, ikianza na nusu ya mshahara wa wiki. Msingi wa sheria za namna hii ukawa makubaliano ambayo wengi wetu tumeyasahau. Mfanyakazi aliachia sehemu kubwa ya haki yake ya kwenda mahakamani kudai fedha nyingi. Mwajiri naye akaachia haki ya kuuliza nani mwenye kosa. Badala ya bahati nasibu ya kesi, yakawekwa malipo madogo kuliko hasara yenyewe, lakini ya hakika na ya haraka.

Kwa hiyo ndugu yangu anapouliza "na kama aliumia kwa uzembe wake?", anaidai upya haki ambayo waajiri waliiuza zamani na bei yake wakaipokea. Mwajiri anayemzuia mfanyakazi asishtaki kwa sababu sheria ya fidia ipo, kisha akamnyima fidia kwa sababu ya uzembe, amekula pande zote mbili. Sheria nyingi zimeacha mlango mdogo kwa aliyejiumiza makusudi au aliyekuwa amelewa, na hilo sina ubishi nalo. Lakini kupeleka mkono kunyoosha bati lililokwama ukiwa umeharakishwa si kujiumiza makusudi. Mtu anayefanya tendo lile lile mara elfu kwa siku, ipo siku atakosea mara moja. Hilo linajulikana tangu siku mashine inaponunuliwa, na ndiyo sababu mtengenezaji aliiwekea kinga.

Hoja ya msomaji huyu iliwahi kutolewa na mahakama, tena mahakama kubwa. Jimbo la New York lilitunga sheria ya fidia mwaka 1910. Tarehe 24 Machi 1911 Mahakama ya Rufaa ya jimbo hilo ikaifuta, ikisema kumlipisha mwajiri asiye na kosa ni kumnyang'anya mali yake. Kesho yake, tarehe 25 Machi, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Wenye kiwanda walishtakiwa na kuachiwa huru. Ilibidi katiba ya jimbo irekebishwe mwaka 1913 ndipo sheria ya fidia ikaweza kurudi. Naliwaza sana jambo hili la siku mbili zilizofuatana, kwa sababu wale majaji walikuwa wasomi na hoja yao kwenye karatasi ilinyooka. Walichokosa kuuliza ni nani anabaki na hasara kama mwajiri haibebi. Hasara haipotei hewani. Inahamia nyumbani kwa aliyeumia: kwa mkewe anayeacha shughuli zake ili amuuguze, kwa mtoto anayekatishwa shule, kwa ndugu wanaochangishana kila mwisho wa mwezi.

Sasa nije kwenye malipo yenyewe, maana hata palipo na sheria nzuri ndipo mtu anapopunjwa, na nimeona kwa macho yangu jinsi inavyofanyika.

Kwanza ni hesabu ya mshahara. Kijana yule alikuwa na mshahara wa msingi mdogo sana. Nyumba yake iliendeshwa na malipo ya saa za ziada, posho ya zamu ya usiku na kile alichopata kwa idadi ya bati alizokata. Alipoumia, karani alichukua mshahara wa msingi peke yake, akatoa asilimia humo. Asilimia ya kitu kidogo ikawa kitu kidogo zaidi. Mkataba Na. 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, umeweka kiwango cha chini cha asilimia 60 ya kipato kwa mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda, ukichukua mfano wa mwenye mke na watoto wawili. Neno la kushika hapo ni kipato. Mtu aliyekuwa akipokea kiasi fulani kila mwezi kwa miezi kumi na miwili, hicho ndicho kipato chake, hata kama kwenye hati ya mshahara kimegawanywa katika mistari sita. Naamini hakuna jambo linalowaumiza wafanyakazi wengi kimyakimya kama hili, kwa sababu anayepokea anaona asilimia ni ileile aliyoisikia redioni, hajui imetolewa kwenye nini.

Pili ni kuchelewa. Mkataba Na. 17 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1925, ulitaka malipo yahesabiwe tangu siku ya tano baada ya ajali, si zaidi ya hapo. Karne nzima imepita. Bado yupo mtu anayezungushwa kati ya ofisi ya mwajiri, ya daktari na ya bima miezi minne, akitakiwa alete karatasi ambayo ofisi ya kwanza ilipaswa kuituma. Mwenye nyumba hasubiri karatasi hiyo. Ndiyo maana bahasha ya wiki ya tatu ina nguvu kubwa. Inamkuta mtu ameshakopa kila mahali pa kukopa, naye atasaini chochote.

Mkataba huo huo wa 1925 ulisema pia kwamba aliyepata ulemavu wa kudumu, au familia ya aliyefariki, walipwe kwa vipindi kama mshahara. Mkupuo, yaani fedha zote kwa mara moja, ukaruhusiwa pale tu mamlaka inaporidhika kwamba fedha zitatumika vizuri. Walioutunga hawakuwa wakiwadharau wafanyakazi kwamba hawajui kutunza fedha. Walijua kwamba mtu mwenye madeni ya miezi minne akipewa mkupuo, fedha inaishia kwenye madeni, na mkono haurudi.

Kuhusu ulemavu wa kudumu nina neno moja. Majedwali ya fidia huipa kila sehemu ya mwili asilimia yake, na jedwali linarahisisha kazi, sikatai. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia kwa fundi wa mashine si sawa na vidole viwili kwa mtu anayefanya kazi ya kuongea. Daktari anayepima apewe nafasi ya kuuliza mgonjwa alikuwa akifanya kazi gani na sasa anaweza kufanya ipi. Wapo wanaorudishwa kazini na kupewa "kazi nyepesi" ambayo baada ya miezi mitatu inafutwa, na mtu anatoka na vidole vinane bila cheti chochote.

Halafu kuna vibarua. Kiwandani kwetu nusu ya watu waliletwa na wakala, na mmoja wao akiumia, kiwanda kilisema si wetu, wakala akasema alikuwa chini ya usimamizi wenu. Mashine haijui nani ana mkataba. Tangu mwaka 1921 kuna mkataba wa kimataifa uliowaingiza wafanyakazi wa mashambani katika fidia, na mwingine wa 1925 uliotaka mfanyakazi mgeni alipwe sawa na mwenyeji, kwa hiyo hoja ya kwamba fulani si mtu wa hesabu yetu imeshajibiwa zamani. Wala sijagusa wanaougua mapafu kwa vumbi la mawe au kupoteza masikio kwa kelele, ambao ugonjwa wao hujitokeza baada ya miaka, kiwanda kikiwa kimeshabadili jina. Hao wanahitaji barua yao.

Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Nyuma ya wengi wao ipo fomu ambayo mtu kama mimi aliijaza. Nawaomba wasimamizi wenzangu walio bado kazini: nafasi ile ya chanzo cha ajali msiijaze kwa mazoea. Andikeni mashine ilikuwa katika hali gani, nani aliagiza nini, zamu ilikuwa ya saa ngapi. Mpeni aliyeumia nakala siku hiyohiyo. Na msikubali asaini karatasi ya kumaliza dai kabla daktari hajasema kidonda kimefikia mwisho wake.

Kijana yule alinifuata baada ya mwaka na zaidi. Alikuwa amesikia kwamba angeweza kudai, akaja kuniomba nimsaidie kueleza ilivyokuwa. Tulikwenda pamoja. Afisa alifungua faili, akakuta karatasi yenye saini ya mkono wa kushoto, na juu yake fomu yenye mwandiko wangu. Akaniuliza kama ni mimi niliyeandika vile. Nikasema ni mimi. Akaniuliza kama kulikuwa na jambo jingine la kuongeza siku ile ambalo sikuliandika.

Kinga ilikuwa imeondolewa, na mimi nilijua.

Wako,
Msimamizi wa zamu mstaafu