Waziri wa nishati aliyetoka kwenye ukopeshaji ahamie kiti cha mlipa bili

Ndugu Mhariri,

Mtu aliyezoea kufadhili makampuni akikabidhiwa wizara ya nishati, wengi hufarijika kwamba sasa mikataba itasomwa. Itasomwa kweli, ila kwa jicho la mkopeshaji. Na kwenye umeme, kifungu kinachomlinda mkopeshaji mara nyingi ndicho kinachomlemea mlipa bili.

Tuchukue malipo ya utayari. Mwenye mtambo hulipwa kwa kuuweka tayari kuzalisha, uwashwe usiwashwe. Mabenki huyapenda malipo haya kwa sababu ndiyo yanayorejesha mkopo. Sasa tupige hesabu: megawati 100 kwa saa 8,760 za mwaka ni uniti milioni 876. Shirika la umeme likihitaji asilimia 40 tu, litachukua uniti milioni 350 na ushei, na fedha zile zile za utayari zitagawanywa kwa hizo chache. Kila uniti itabeba mzigo mara mbili na nusu. Mkataba ukiwa kwa fedha za kigeni, sarafu ya nchi ikishuka, bili hupanda bila hata taa moja kuongezeka. Kabla ya kusaini, waziri aulize makadirio ya mahitaji yameandaliwa na nani. Yakitoka kwa muuza mitambo, ayarudishe.

Mtego mwingine uko kwenye kiwango cha kupunguzia thamani ya fedha za baadaye, na hapa mtaalamu wa fedha hunaswa kirahisi kwa kuwa ni nyumbani kwake. Kwa kiwango cha asilimia 12 kwa mwaka, shilingi mia moja itakayopatikana mwaka wa 30 huhesabiwa leo kama shilingi 3. Kwa asilimia 6, ni 17. Ndiyo maana, kiwango kikiwa juu, bwawa la umeme la kudumu miaka 50, ambalo faida yake nyingi iko mbele, huonekana hasara, huku jenereta za dizeli, rahisi kununua na ghali kulisha, zikionekana busara. Waziri adai hesabu za viwango vyote viwili ziwekwe mezani.

Nyaya hazina mvuto kwa wafadhili, maana hazina mteja wake peke yake. Lakini mkondo ukiongezeka maradufu kwenye waya ule ule, umeme unaopotea kwa joto huwa mara nne. Kuweka nyaya nene na kusogeza transfoma karibu na watumiaji kunaweza kuokoa umeme ambao vinginevyo ungejengewa mtambo.

Kuhusu hisa za waziri mwenyewe, kuzitangaza hakutoshi. Aziuze, au zishikwe na wadhamini asioweza kuwaagiza, na atoke kikaoni mteja wake wa zamani anapojadiliwa. Achunguzwe pia marupurupu anayoendelea kuidai kampuni aliyoiacha. Hayo husahaulika kwenye fomu.

Mikataba ikichapishwa, ichapishwe pamoja na viambatisho. Kanuni ya kukokotoa bei huwa huko nyuma, si kwenye kurasa zenye sahihi.

Msomaji wako