Gigabaiti zinazopungua kwenye flashi hazijaibwa na muuzaji

Mhariri,

Wanunuzi wengi wa flashi na diski za kompyuta hulalamika kwamba wameuziwa ujazo pungufu, na mara nyingi lawama humwangukia muuzaji asiye na kosa. Mtu hununua flashi iliyoandikwa gigabaiti 64, akaichomeka kwenye kompyuta ya Windows, akaona 59.6, akarudi dukani amekunja uso.

Hakuna kilichopunjwa. Kiwanda huhesabu kwa makumi, ambapo gigabaiti moja ni baiti 1,000,000,000, ilhali Windows hugawa baiti hizohizo kwa 1,073,741,824, yaani kipeo cha tatu cha 1,024, kisha jibu lake hulipa jina lilelile la GB. Kipimo kikikua, pengo nalo hupanuka: kwenye kilobaiti ni asilimia 2.4 tu, kwenye gigabaiti hufika 7.4, ndiyo maana diski ya terabaiti moja, yaani gigabaiti 1,000 za kiwandani, husomeka gigabaiti 931, na kwenye terabaiti yenyewe hukaribia 10. Mwaka 1998 shirika la viwango vya umeme la kimataifa, IEC, lilitoa majina mapya ya hesabu ya 1,024, kama vile gibibaiti, ila Windows haikuyafuata; Apple nao walihamia hesabu ya makumi kwenye kompyuta zao mwaka 2009, hivyo flashi ileile husomeka tofauti kwenye mashine mbili zilizo meza moja. Kwa maoni yangu, wa kuulizwa ni watengenezaji wa programu.

Udanganyifu upo, lakini si huo wa gigabaiti nne. Zipo flashi zinazodaiwa kuwa za terabaiti 2 na kuuzwa kwa bei ya gigabaiti 32, ambazo programu yake ya ndani imechezewa ili itangaze nafasi isiyokuwepo. Mafaili hunakiliwa bila kipingamizi na majina yake yote huonekana, lakini ujazo wa kweli ukishakwisha, yanayofuata hupotea au huandikwa juu ya yale ya mwanzo, na mwenyewe hugundua siku anayoyahitaji. Dawa ni kuijaza flashi yote kisha kuisoma upya, kazi ambayo programu ya H2testw huifanya bila malipo.

Kwa kuwa kipimo hicho huchukua saa nyingi na hakiwezekani kaunta, naomba wenye maduka wakubali kwa maandishi, kwenye risiti, kurudishiwa flashi itakayoshindwa.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam