Wimbo wa James Brown si kelele za disko

Ndugu Mhariri,

Juzi msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu akitaka redio zetu ziache kupiga nyimbo za zamani za Wamarekani weusi, kwa hoja kwamba ni kelele za disko na hazina cha kutufundisha. Mfano alioutoa ni "Say It Loud – I'm Black and I'm Proud" wa James Brown, mwimbaji wa soul wa Marekani. Kwa nyimbo zote alizoweza kuzitaja, ameuchagua ule ambao Dar es Salaam ilipaswa kuukumbatia, ikaufungia mlango. Naomba nafasi nimjibu.

Wimbo huo ulirekodiwa Los Angeles Agosti 1968, miezi minne tu baada ya Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, kuuawa Memphis. James Brown alilelewa katika ufukara mjini Augusta, Georgia, lakini kufikia wakati huo alikuwa na jina na fedha, na weupe wengi walinunua santuri zake. Juni mwaka huohuo alikwenda Vietnam kuwatumbuiza wanajeshi wa Marekani, na wanaharakati weusi wakamsema sana kwamba anajipendekeza kwa serikali. Ndipo yeye na mpiga saksafoni wake, Pee Wee Ellis, wakautunga wimbo huu. Wakakusanywa watoto wapatao 30, wengi wao kutoka pande za Watts na Compton hukohuko Los Angeles, wakaingizwa studio. Watts ndiko kulikolipuka ghasia kubwa Agosti 1965 kwa sababu ya ukatili wa polisi na maisha magumu ya watu weusi.

Msikilize vizuri Brown anavyofanya. Anatoa amri kwamba isemwe kwa sauti kubwa, kisha anawaachia watoto waseme wenyewe kwamba wao ni weusi na wanajivunia. Sisi tuliokulia kwenye ngoma hatuhitaji kuelezwa: kuna anayeongoza na kuna wanaoitikia, na uzito wa wimbo uko kwa wanaoitikia. Nyota wa wimbo ameyaweka maneno mazito kuliko yote katika vinywa vya watoto wa shule. Mimi niliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi najua maana yake. Mtoto akishakitamka kitu kwa kinywa chake, mbele ya wenzake, kinakuwa chake.

Wimbo ulikaa wiki sita juu kabisa katika chati ya muziki wa watu weusi na kufika nafasi ya 10 katika chati kuu ya Marekani. Brown mwenyewe alisema baadaye kwamba ulimpunguzia mashabiki weupe. Katika kipindi hichohicho akaacha kunyoosha nywele kwa dawa, akafuga afro. Kweli, miaka ya baadaye aliirudia dawa, lakini picha zake za afro zilikuwa zimeshaenea. Vijana wa muziki wa rap walipokuja miaka ya 1980 wakachukua vipande vya sauti hiyo na kuviingiza katika kazi zao. Na Septemba 1974 Brown alisimama jukwaani Kinshasa, kwenye tamasha lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman.

Kwetu Kariakoo wimbo uliingia kwa santuri ndogo ambayo kaka yangu, aliyekuwa kibarua bandarini, aliipata kwa baharia. Wimbo umegawanywa pande mbili, kwa hiyo unakatika katikati ya utamu na lazima mtu ainuke kuigeuza santuri. Wadogo zangu walikuwa wakiendelea kuitikia bila muziki mpaka kaka aiweke tena sindano. Shangazi yetu wakati huo alikuwa akijipaka krimu za kujichubua. Uso ulikuwa umeshabadilika, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi kama alivyozaliwa. Siku moja akauliza watoto hao wanaitikia nini. Kaka akamwambia. Shangazi akasema, "Hebu irudie."

Sasa nataka msomaji mwenzangu azitazame tarehe. Agosti 1968 wimbo unatoka. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU unatangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga marufuku mavazi na mapambo yaliyoonekana ya kigeni, ambayo ilianza kutekelezwa Januari 1969. Wengi wanaikumbuka kwa vimini na suruali za kubana tu, lakini marufuku ile iligusa pia mawigi na krimu za kubadilisha rangi ya ngozi. Hapo operesheni na wimbo vilikuwa vinasema jambo moja. Halafu Novemba 1969 mkuu wa mkoa akaupiga marufuku Dar es Salaam muziki wa soul, ndio huo wa akina James Brown, kwa sababu ya kulinda utamaduni wa taifa. Kwa mkono mmoja tulimkataza binti wa Kiafrika asijichubue, kwa mkono mwingine tukamnyang'anya wimbo uliokuwa ukimpa sababu ya kutojichubua. Magazeti ya wakati ule yalipokea barua za kupinga na za kuunga mkono, na wapo waliouliza imekuwaje muziki wa watoto wa Afrika waliochukuliwa utumwani ukaitwa wa kigeni. Swali lao lilikuwa la haki na mimi bado nalishikilia.

Marufuku zile zimepita, mkorogo umebaki. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimekatazwa nchini na madaktari wanaeleza kila mara jinsi zebaki inavyoharibu figo, lakini nenda saluni yoyote kabla ya harusi uone kinachokorogwa kwenye kopo. Darasani nilikuwa nikisikia mtoto anaitwa "Mkaa" au "Giza" na wenzake weusi kama yeye, na mwenye jina anacheka nao ili yaishe. Mwaka huu mjukuu wangu wa darasa la tano aliniuliza ni krimu gani itamfanya awe kama binti wa kwenye tangazo. Sikumpa mhadhara. Nilimpigia wimbo ule kwenye simu nikamweleza kwamba wanaoitikia walikuwa watoto kama yeye. Ameushika, na anaitikia kwa sauti kuliko wadogo zangu wa wakati ule.

Kwa hiyo ombi langu kwa redio ni kinyume cha lile la msomaji mwenzangu. Wimbo huu msiubakize kwenye vipindi vya zilipendwa vya Jumapili usiku, ambapo wanaousikia ni wazee kama mimi. Upigeni kwenye vipindi vya watoto, sehemu zote mbili, na mtangazaji aeleze kwa Kiswahili unasema nini na ulitoka lini. Msiupige ukifuatiwa na tangazo la krimu ya kung'arisha ngozi, kama nilivyousikia mwezi uliopita. Na wewe Ndugu Mhariri, barua za wasomaji za mwaka 1969 zimo katika maktaba zetu. Chagua chache, za pande zote mbili, uzichapishe upya katika ukurasa huu.

Mwalimu mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam