Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kipindi cha Safari na Uvuvi wa Nzi Bandia

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaoisha. Ada, uanachama na hesabu vimo kwenye kabrasha la Mhazini na sitavirudia. Nafasi hii naitoa kwa kazi iliyokula muda na fedha kuliko nyingine zote, yaani kipindi cha televisheni cha safari na uvuvi wa nzi bandia (chambo chepesi kilichofungwa kwenye ndoano kuiga mdudu au samaki mdogo, ambacho wavuvi hukiita nzi). Msimamo wa Kamati ni kwamba ratiba ya kipindi cha namna hii hupangwa na vibali na maji. Kamera hufuata.

Naanza na vibali kwa sababu ndivyo vinavyochelewesha. Kibali cha kupiga picha hutoka Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, nacho hakimruhusu mtu kuvua. Kuvua kuna leseni yake chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. Kisha kila hifadhi ina mwenyewe: TANAPA kwa hifadhi za taifa, TAWA kwa mapori ya akiba, na kitengo cha Hifadhi za Bahari kwa Mafia, iliyotangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1995. Droni ni faili jingine kabisa, linalopita Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kuhitaji idhini upande wa Ulinzi. Maombi yote yapelekwe sambamba, na majina ya watu pamoja na namba za vifaa yafanane herufi kwa herufi kwenye kila fomu. Lensi moja isiyo kwenye orodha inatosha kuizuia timu nzima getini. Kwa wanachama wapya: visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu. Kuwa karibu na Kunduchi na Msasani hakubadili hilo. Mandhari yake yapigwe picha kwa kibali, ufito wa kuvulia ubaki nyumbani.

Sasa maji. Kwenye bamvua, yaani maji makubwa, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, pwani yetu hupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Kwa hiyo maji yanapanda juu ya mafungu ya mchanga jua likiwa juu, kati ya saa sita na saa tisa, na hapo ndipo mvuvi na kamera wanaweza kuona kivuli cha kolekole. Wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, saa zinageuka, na maji hayasogei vya kutosha kuleta samaki mafunguni. Tarehe za Mafia zipangwe kwa kalenda ya mwezi kwanza, ndipo iulizwe nafasi ya boti. Kusi nalo si la kubishana nalo: mvua unaweza kuisubiri ipite, lakini upepo unaourudisha mshipi usoni mwa mvuvi unaharibu siku nzima. Kwa mito ya Kilombero, yaani Mnyera na Ruhuji, msimu ni Agosti hadi Novemba, maji yakiwa yamepungua na kutakata.

Vifaa vya kuvulia havina maneno mengi. Kwa njege, samaki wa mito hiyo ya Kilombero, ufito namba 9 (namba hufuata uzito wa mshipi), ndoano za 2/0 hadi 4/0 zisizo na kijino, na kipande cha waya mbele ya nzi, maana meno yake hukata nailoni mara moja. Kwa kolekole mkubwa, namba 12 na lida, yaani kipande cha mwisho cha mshipi kinachoshika nzi, ya ratili 100 au zaidi. Kinywa cha njege ni mfupa mtupu. Akiuma, mvuvi auvute mshipi kwa mkono usioshika ufito, ufito ukiwa umemwelekea samaki. Anayeinua ufito juu kama wavuvi wa trauti humpoteza. Mpiga picha alijue hili pia, kwa sababu tendo lenyewe liko kwenye mkono huo, nao mara nyingi huachwa nje ya fremu.

Kurusha mshipi ndiko kunakowashinda wapiga picha wengi. Uzito uko kwenye mshipi, si kwenye chambo, kwa hiyo mshipi huruka nyuma ya mvuvi kwa urefu uleule unaoruka mbele. Mpiga picha asimame upande wa mkono usiorusha, upepo ukitoka kwake kwenda kwa mvuvi, na avae miwani bila kujadiliana. Mshipi wa chungwa au njano mbele ya mikoko yenye kivuli huonekana vizuri, lakini mbele ya mawingu meupe hupotea. Filta ya kuondoa mng'ao hufanya kazi bora kamera ikielekea maji kwa takriban nyuzi 37 kutoka usawa wake. Ukipiga kutoka juu moja kwa moja, kama droni inavyofanya, haikusaidii kitu. Tunarekodi fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) ya sekunde 1/50. Mruko wa njege upigwe kwa fremu 100, shata 1/200, ili sekunde moja iwe nne.

Kuuma kwa samaki hakutangazwi. Washeni kipengele cha kamera kinachohifadhi sekunde chache kabla ya kubonyeza kitufe, la sivyo kila samaki ataanzia katikati. Picha za karibu, kama vile rili (gurudumu la mshipi) ikizunguka, mkono ukivuta, na nzi akifungwa, zipigwe baadaye siku ileile, kwa shati lilelile na nzi yuleyule. Mtazamaji wa uvuvi ana jicho kali na huandika barua. Samaki akishafika kwenye wavu abaki majini hadi kamera na sauti ziseme tayari. Mikono iloweshwe, anyanyuliwe kwa muda usiozidi sekunde kumi, kisha arudishwe. Picha ya pili ikihitajika, ichukuliwe akiwa majini.

Vifaa vya picha huharibiwa zaidi na hewa ya Dar kuliko na mawimbi. Kamera ikitolewa chumba chenye kiyoyozi ibaki ndani ya begi lililofungwa karibu nusu saa, vinginevyo umande unaingia ndani ya lensi. Jioni vifuteni vifaa kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, maana chumvi iliyokauka hukwaruza. Picha za 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa nne ni gigabaiti 360, na kadi isifutwe kabla ya nakala mbili kukaguliwa kwenye diski tofauti. Betri zipande nanyi ndani ya ndege, kila moja isizidi saa-wati 100, na kumbukeni kuwa ndege ndogo za Mafia mara nyingi huruhusu kilo 15 tu za mizigo. Vifaa vizito vipitie bandari ya Nyamisati, kwa boti.

Kuhusu muundo, nafasi ya nusu saa ikishatolewa matangazo hubaki dakika 22 hadi 24. Wapo wanachama wanaotaka samaki kila baada ya dakika tano. Kamati haikubaliani nao, maana hilo ni tangazo la ndoano. Kila sehemu iandikwe iweze kusimama hata samaki wasipopatikana: mnada wa samaki wa Feri alfajiri, safari ya boti hadi Kilindoni, mzee anayesoma maji bila kalenda. Huyo mzee aombwe ridhaa kabla ya kamera kuwashwa, alipwe kama mwongozaji njia, na jina lake liandikwe mwishoni mwa kipindi.

Mkutano unaombwa kuamua mambo mawili. Kwanza, boti ya pili kwa ajili ya kamera pekee. Mpiga picha akipanda boti ya mvuvi hana pa kurudi nyuma, na kila picha inakuwa ya mgongo. Pili, maombi ya vibali vya msimu wa Kilombero yaanze kuandikwa Februari. Walio na maikrofoni za chama wazirudishe kwa Katibu kabla ya hapo, pamoja na manyoya yake ya kuzuia upepo.