Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kupima Sabuni Zetu

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita wengi mlitaka tuandike kwenye lebo kwamba sabuni yetu ya mawese inaoza majini, maana inatokana na mafuta. Kamati iliomba ipime kwanza, na sehemu kubwa ya mwaka imekwenda huko.

Sampuli hutiwa kwenye chupa yenye maji ya madini kidogo na bakteria wachache kutoka maji taka. Chakula kingine hakuna. Hupimwa oksijeni wanayovuta, ikilinganishwa na ile ambayo ingetosha kuunguza sampuli yote. Kwa utaratibu wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, lazima ifike asilimia 60 ndani ya siku 28; na kwa kemikali moja isiyochanganywa, safari ya kutoka asilimia 10 hadi 60 isizidi siku 10. Haidaiwi asilimia 100 kwa sababu sehemu ya kaboni ya sampuli hugeuka miili ya bakteria wenyewe.

Awamu ya kwanza ilitupotea. Chupa ya kulinganishia ilikuwa na asetati ya sodiamu, ambayo bakteria wazima huimaliza upesi, lakini siku ya 14 ilikuwa haijafika asilimia 60. Bakteria walikuwa dhaifu, majibu yote yakafutwa, na michango yenu ikaenda nayo. Iliniuma sana. Tulirudia kwa tope bichi la maji taka, na sabuni yetu ya mawese ya mche ikafaulu. Rangi na manukato hatujavipima.

Jambo lililonikosesha usingizi ni dawa ya kulainisha nguo ambayo mwenzetu mmoja aliuziwa kwa sifa ya kuwa "ya asili, ya mafuta ya ng'ombe". Ulaya walipita hapo. Dawa zao za kulainisha za zamani zilikuwa na molekuli zenye mikia miwili ya mafuta ya ng'ombe iliyofungwa moja kwa moja kwenye nitrojeni, nazo zilioza polepole mno, zikajikusanya kwenye tope la maji taka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda viligeukia esterikwati: mafuta ni yaleyale, ila katikati kuna kiungo cha esta, kinachokatika kirahisi. Kwa upande mwingine, LAS, kisafishaji kinachotiwa kwenye sabuni ya unga, inatokana na mafuta ghafi ya petroli, na bado inaoza vizuri, kwa kuwa mkia wake umenyooka na bakteria huukata kaboni mbili mbili. Ile iliyoitangulia ilikuwa na mkia wenye matawi. Ndiyo iliyofunika mito ya Ujerumani kwa povu, hadi ikatungwa sheria mwaka 1961.

Tena, chupa ya maabara ina oksijeni. Ziwa Tanganyika, ukishuka mita 200 hivi, halina, kwa hiyo kipimo chetu hakisemi lolote kuhusu huko. Na sabuni mbichi huumiza samaki kabla haijaoza, kwa hiyo tuendelee kumwaga maji ya kufulia mbali na ufuko.

Kamati inapendekeza maneno "inaoza majini" yaandikwe kwenye sabuni ya mche isiyo na rangi wala manukato pekee, na dawa ya kulainisha isiuzwe kwa jina la chama mpaka muuzaji alete majibu ya kipimo chake. Naomba tupige kura leo.