Unalala saa ngapi, mwanangu?

Katuba, Lubumbashi, siku ya yenga (Jumapili) jioni

Mwanangu,

Jana nilikupigia saa tano usiku, ukanijibu kwa sauti ya chini kwamba bado uko kwenye biro. Leo kabla ya misa dada yako amenionyesha ujumbe wako wa saa kumi na moja alfajiri, nao ni wa kazi. Unalala saa ngapi?

Najua umepandishwa cheo. Mtaa mzima unajua, niliutangazia mwenyewe. Ila usiniambie tena eti huko Kolwezi wote wanafanya hivyo. Sheria ya kazi ya 2002 ya nchi hii iliweka saa 45 kwa juma. Wewe, ukihesabu vizuri, unazimaliza kabla ya siku ya tano. OMS, lile Shirika la Afya Duniani, na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao 2021: anayefika saa 55 na kupita, hatari yake ya kiharusi inazidi kwa asilimia 35 kuliko ya anayefanya 35 hadi 40. Daktari aliniambia hayo akinipima tansio.

Niliwaambia niliteleza bafuni. Sikuteleza. Siku hizi kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili, wa kushoto unatetemeka mpaka kisahani kinalia. Mama yako anajifanya hasikii.

Zamu zangu zile za usiku, karo yenu haikuzihitaji zote. Nyingine nilizitaka mwenyewe, niitwe mtu wa nguvu. Ninyi mchana mkitembea kwa ncha za vidole, baba asiamke.

Basi unalala saa ngapi? Usijibu "za kutosha". Andika namba. Wewe unajumlisha mizani ya madini. Sifuri moja ikiruka kwa usingizi, cheo hicho hicho ndicho kitakachoulizwa. Na usiendeshe gari usiku kuja huku, njia ya Likasi imejaa malori.

Makala ya kupikia yamepanda bei. Bati la jikoni linavuja na mvua zimeanza, fundi anataka nusu kwanza. Usiongeze saa za kazi kwa ajili ya bati, tutaweka ndoo.

Mama yako amekufungia unga wa bukari na samaki wakavu. Mzigo utafika na basi siku ya nne. Kaupokee wewe mwenyewe, usitume mtu. Depo inafungwa saa kumi na moja jioni.

Baba yako