Mwanangu, jana hukukosea

Mwanangu mpenzi,

Jana nilikukatiza katikati ya wimbo nikakwambia unapiga noti siyo. Ukairudisha saksafoni kwenye kasha lake bila kusema neno. Kosa lilikuwa langu, nisamehe.

Nilikuwekea karatasi yangu ya piano. Ulisoma C na ukaibonyeza C sawasawa, ila C ya alto, saksafoni yako hiyo, hutoka E-flati ya piano. Tungepatana wapi? Sikio lako lilijua kabla yangu. Nilikuona ukikunja uso tangu noti ya kwanza.

Adolphe Sax, Mbelgiji aliyeisajili saksafoni mjini Paris mwaka 1846, alibuni ukoo mzima, wadogo kwa wakubwa. Noti zao huandikwa tofauti na zinavyosikika ili vidole visihangaike: siku ukishika tenori, saksafoni kubwa kuliko alto, A itabaki ileile, kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kushoto. Kinachobadilika ni sauti inayotoka. Kwenye alto yako, A hiyo, inayoandikwa katika nafasi ya pili toka chini kati ya mistari, ndiyo C ya katikati ya piano. Nikipiga C meja, wewe unapiga A meja, yenye shapu tatu, yaani noti tatu zilizopandishwa nusu hatua.

Ulisema unataka kuacha piano. Nakuomba usiache, hasa mkono wa kushoto unaokuchosha. Chukua mstari wa besi, ule unaopigwa na mkono huo, usome kana kwamba umeandikwa kwa ufunguo wa soli, ule wa karatasi zako za saksafoni. G ya mstari wa chini utaiona E. Piga hiyo E kwenye alto: inatoka G, oktava moja juu! Wimbo ukiwa C meja, ongeza tu zile shapu tatu, na besi yote ni yako. 

Nami nimejifunza kwako. Noti ya piano ikishagongwa huanza kufifia, siwezi kuiongezea kitu. Juzi ulishika G ndefu, ikaanza nyembamba, ikajaa chumba, ikashuka taratibu mpaka pumzi ikakuishia. Tangu siku ile naweka alama za pumzi kwenye karatasi zangu za piano, pale ambapo wewe ungevuta hewa.

Ule wimbo nimeuandika upya kwa penseli, katika A meja. Uko ndani ya kasha lako, chini ya kiboksi cha ridi. Ukiwa tayari, niite.

Mama yako